Sindano za kunenepesha midomo: madhara yanayojificha kinywani

Biashara ya kujaza midomo na mashavu kwa sindano za fila imeenea duniani, na matangazo yake yanaingia majumbani mwetu kupitia simu za mabinti zetu. Nchi zenye hospitali kubwa zimeshashtuka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, nchini England ni kosa kumdunga fila ya urembo aliye chini ya miaka 18 bila idhini ya daktari. Mwezi huo huo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliwaonya watu wasitumie vifaa vinavyosukuma fila kwa nguvu ya mgandamizo bila sindano, vinavyouzwa mtandaoni.

Fila nyingi ni ute mzito wa asidi ya haialuroniki. Midomo ina mishipa mingi ya damu. Ute ukiingia ndani ya mshipa, damu haipiti: mdomo hupauka, kisha huwa na mabaka ya zambarau, maumivu huwa makali, na nyama inaweza kufa. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Ipo dawa ya kuuyeyusha ute huo, haialuronidasi, lakini haiyeyushi silikoni.

Madhara mengine huchelewa miezi, hata miaka. Vinundu vigumu hutokea ndani ya mdomo au shavu, kwa sababu mwili unapambana na kitu kigeni. Daktari wa meno asiyeambiwa habari ya fila anaweza kudhani ni uvimbe wa tezi ya mate, au hata saratani.

Hapa ndipo aibu inapozidisha madhara. Binti anamficha mama, mke anamficha mume, mwisho mgonjwa anamficha hata tabibu.

Tuitazame hukumu. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud (Radhiya Allahu 'anhu), wamelaaniwa wanawake wanaoachanisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadili maumbile ya Allah. Kwa upande mwingine, Arfaja bin As'ad (Radhiya Allahu 'anhu) alipopoteza pua vitani, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alimwamuru aweke pua ya dhahabu. Kuondoa kasoro si sawa na kutafuta umbo jipya. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 lilifuata tofauti hiyo: aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, au aliyeungua, ana ruhusa ya kutengenezwa.

Naye anayedunga bila ujuzi ajue kwamba imepokewa hadithi inayomtwika dhamana ya madhara yule anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu.

Lakini aliyekwishadungwa asiongezewe mzigo. Kusitiri dhambi mbele ya watu ni jambo jema. Kumficha daktari si sitara, ni kujidhuru, na Uislamu umekataza madhara. Toba ni baina yake na Mola wake, na matibabu ni haki ya mwili wake. Aseme alidungwa nini, lini na wapi, hasa kabla ya kung'olewa jino au kupasuliwa kinywa.

Wazazi, mkataze binti kabla hajadungwa. Akishadungwa na mdomo ukabadilika rangi, mpelekeni hospitali kwanza. Maneno yatafuata baadaye.

Wallahu a'lam.