Tatizo la Inua Jamii ni anayelipa, si anayelipwa

Kila bajeti inaposomwa Nairobi huzuka lawama ile ile dhidi ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa posho wazee na kaya maskini: kuwagawia maskini fedha taslimu ni kuwalemaza na kuwanunulia pombe. Ushahidi unakataa. Wachumi David Evans na Anna Popova walipopitia tafiti za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, hawakuona waliolipwa wakizidisha pombe wala tumbaku. Hapa Kenya, mpango wa serikali kwa kaya zinazolea mayatima, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, ulifuatiliwa kwa miaka kadhaa, ikabainika kuwa vijana wa kaya zilizolipwa walichelewa zaidi kuanza ngono kuliko wenzao. Wapo wanaohofia pia kwamba bei zitapanda. Siaya, ambako shirika lisilo la serikali liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya katika kaya zaidi ya 10,000, bei zilipanda kwa chini ya asilimia moja, na hata jirani ambaye hakupewa kitu alinufaika kwa biashara iliyochangamka. Naam, kiasi kile ni kikubwa mno kuliko cha serikali. Lakini kama fedha nyingi hivyo hazikuvuruga soko, za Inua Jamii zitalivurugaje?

Mpango wenyewe, hata hivyo, unadhoofishwa na jinsi unavyoendeshwa. Mzee aliyetimiza miaka 70 hulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiwango kilichodumu zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga na mafuta ikipanda. Hazina, bila kutangaza, imempunguzia mzee huyo posho kila mwaka. Tena fedha zenyewe huchelewa, kisha huja malimbikizo ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Tumbo halingoji malimbikizo. Mzee hukopa dukani, na siku ya malipo sehemu kubwa huishia kwa mwenye duka. Fedha ambazo zingenunua kuku wa kufuga au kumnunulia mjukuu sare ya shule zinageuka kuwa za kulipia unga uliokwisha kuliwa. Asiyejua tarehe ya kulipwa hawezi kupanga lolote, halafu tunamlaumu kwamba hajiinui!

Wataniambia serikali imebanwa na madeni. Ni kweli, ila kuchelewesha si kubana matumizi, kwa kuwa malimbikizo yatalipwa tu. Anayebeba gharama ya kungoja ni mzee, ambaye ndiye asiyeimudu. Zanzibar, yenye bajeti ndogo sana ikilinganishwa na ya Kenya, ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, kisha ikapandisha hadi 50,000. Bunge letu lina uwezo wa kuweka kisheria tarehe ya malipo na kuagiza kiwango kipandishwe kulingana na mfumuko wa bei. Wabunge wafanye hivyo kabla ya kupitisha bajeti ijayo.