JEKI SIYO NGUZO

Ndugu wanakijiji,

Vijana wetu wameomba kuishusha nyuma pikapu ya ushirika, ili magunia yapakiwe bila taabu. Hatukukataa. Lakini juzi tumewakuta wawili chini ya gari, limeshikwa na jeki peke yake! Ikiteleza, nani atabaki kusimulia?

Utaratibu ni huu. Gari lisimame mahali pagumu, tambarare. Matairi ya mbele yawekewe mawe. Chesisi ikalie stendi za chuma, ndipo mtu aingie. Kati ya springi na ekseli kiwekwe kipande cha chuma, siyo mbao, maana mbao hupasuka. Kila upande kimoja tu, vyote kimo kimoja. Pini ya springi ikae kwenye tundu lake. Boti za U ziwe mpya, ndefu, zikazwe sawasawa. Baada ya siku chache zikazwe tena.

Kwanza lakini tazameni: ekseli iko juu ya springi? Kama iko chini, vipande hivyo vitalinyanyua gari, siyo kulishusha. Na likishashuka, magunia yapunguzwe, maana litagonga upesi kwenye mashimo.

Msiseme ajali haina kinga. Hii kinga yake tunayo.

Katibu