Mitandao ifute, lakini itoe sababu

Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, Facebook ilifunga akaunti ilizosema zinahusiana na Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya nchi hiyo, ikidai zilitumika kuwahadaa wananchi. Rais Yoweri Museveni akaufungia mtandao huo. Muda si mrefu intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa, na iliporudi, Facebook haikurudi nayo.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Mfanyabiashara wa Busia au Mutukula, ambaye bei, picha za bidhaa na wateja wake wote wamo kwenye simu, hakuwa upande wowote wa ugomvi ule.

Je, kampuni za mitandao ziwe huru kuamua kipi kibaki na kipi kifutwe? Tunasema ndiyo, kwa masharti. Soko lisilo na wa kuwatoa matapeli huwakimbiza wanunuzi, na anayetuma pesa ng'ambo ya mpaka kwa muuzaji asiyemjua anataka kurasa bandia zifutwe haraka. Kazi hiyo wakipewa wanasiasa, leo atafutwa tapeli, kesho atafutwa anayelalamikia ushuru.

Hata hivyo, kumfungia mtu ukurasa wa biashara ni kumfungia duka. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humpa asiyeridhika na uamuzi siku 30 za kuomba upitiwe upya, na Kamishna hutakiwa kujibu kwa maandishi, akitaja sababu. Kwa nini kampuni tajiri kuliko nchi nyingi zisibanwe vivyo hivyo?

Umoja wa Ulaya umeshafanya hivyo. Tangu Februari 2024 sheria yake inazitaka kampuni hizo zimweleze mtumiaji kwa nini chapisho lake limeondolewa, na mitandao mikubwa impe njia ya kulalamika bila malipo. Faini yaweza kufika asilimia 6 ya mapato yao ya mwaka duniani kote.

Nchi moja moja ya ukanda wetu haina ubavu huo. Jumuiya yenye nchi 8 inao, na Bunge lake lipo Arusha. Litunge sheria ya pamoja: anayefungiwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, Kiswahili kikiwemo, na rufaa yake ijibiwe na binadamu ndani ya siku zinazojulikana.

Sheria hiyo izibane na serikali pia. Zikigombana na kampuni, ziende mahakamani. Zisizime soko la watu wote.