Kuhamia iPhone, au Kurudi Android: Pesa Zako Hazikai Kwa Simu

Desemba ikikaribia, chama zikigawana na jamaa wa ng'ambo wakianza kurudi na mizigo, kuna swali ambalo hutufikia kila mara. Mteja amekuwa na Android tangu aanze kutumia simu ya kioo, sasa amepata iPhone, na anauliza: je, pesa zangu zitahama nami?

Hakuna cha kuhama. Pesa zako ziko kwa akaunti iliyosajiliwa kwa namba yako na kitambulisho chako, si ndani ya kile kioo. Toa laini, iweke kwa mulika mwizi ya mzee kule nyumbani, ingiza kodi ya huduma, na utakuta salio lako vile vile mpaka senti ya mwisho. Na si bahati. Pesa kwa simu ilianza hapa Kenya Machi 2007. iPhone ya kwanza iliuzwa Marekani Juni mwaka huo huo, na simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni 2008. Wakati huduma hii inapangwa, hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa mikononi mwa Wakenya. Ilipangiwa laini, na mpaka leo mwenye laini na PIN ndiye mwenye pesa.

Sasa mbona tunaandika? Kwa sababu watu wanabishana kuhusu simu ipi ni salama zaidi kwa pesa, halafu wanapoteza vitu siku ya kuhama, ambayo hakuna aliyeibishania. Msimamo wetu tuuseme mapema, hata kama utaudhi pande zote mbili: ukiangalia upande wa pesa peke yake, hakuna sababu ya kutoka Android kwenda iPhone, wala ya kutoka iPhone kwenda Android. Kuna sababu ya kutoka kwa simu iliyozeeka, na kuna sababu ya kuhama polepole.

Tuanze na sifa za iPhone, maana zipo. Kwa Android mtu anaweza kukutumia faili ya programu kwa WhatsApp, akakwambia ni ya kuongeza kiwango chako cha mkopo, ukaiweka kwa simu bila kupitia Play Store. Simu itakuonya, lakini ukikubali, imeingia. Kwa iPhone zinazotumika hapa kwetu, mlango huo umefungwa: programu inapitia App Store. Tena kwa Android programu inaweza kukuomba ruhusa ya kusoma meseji zako zote, na ukishabonyeza kukubali inaona kila malipo uliyofanya na kila namba ya uthibitisho inayoingia. iPhone haitoi ruhusa hiyo kwa programu yoyote ile. Hapo Apple wanastahili pongezi, na mtu anayependa kubonyeza kila linki anayotumiwa na binamu yake ana sababu ya kufikiria iPhone.

Lakini sikiliza jinsi watu wanavyoibiwa hapa kwetu. Simu inalia saa tatu asubuhi. Sauti ya heshima inakuambia ni ya huduma kwa wateja, kuna pesa zimetumwa kwako kimakosa, tafadhali bonyeza hivi, kisha taja namba uliyotumiwa. Au meseji inakuja ikisema umepokea 4,500, salio halijabadilika, na mtu analia kwa simu kwamba ni karo ya mtoto. Au mtu anajifanya wewe na kubadilishiwa laini yako ikaingia kwa kadi nyingine. Katika yote hayo hakuna anayejali una simu gani. Mwizi anaongea na sikio, na sikio halina App Store.

Kitu tunachokiogopa zaidi ni umri wa simu. iPhone nyingi zinazouzwa mitumba hapa town ni za zamani. iPhone 7 iliishia iOS 15. iPhone 8 na iPhone X ziliishia iOS 16. Apple huwa wanatoa viraka vya usalama kwa zile za zamani mara moja moja, lakini programu za benki na za malipo, yetu ikiwemo, hufika mahali zikakataa kufunguka kwa mfumo uliopitwa sana. Mtu ameuza Android ya mwaka jana iliyokuwa bado inapata masasisho, akaongeza pesa juu, akanunua iPhone ambayo imebakiza miezi tu kabla programu zianze kumkataa. Hapo amehamia nembo, si usalama. Upande wa Android nao si malaika: Google kwa Pixel 8 na Samsung kwa Galaxy S24 waliahidi miaka 7 ya masasisho, lakini hizo si simu anazonunua mama mboga. Simu nyingi za bei ya chini hupata masasisho machache sana tangu siku ya kutoka kwa boksi. Kwa hivyo ukienda dukani, kabla ya kuuliza kamera ni megapikseli ngapi, fungua Settings uangalie mfumo ni wa namba gani, na sasisho la mwisho la usalama ni la mwezi gani. Muuzaji akikuona unaangalia hapo ataanza kukuheshimu.

Halafu kuna mikopo. Baadhi ya wakopeshaji wa kwa simu hupima uwezo wako kwa kusoma meseji zako za malipo, jambo ambalo kwa iPhone haliwezekani, na wengine hawana programu ya iPhone kabisa. Ukihama, unaweza kukuta kiwango ulichojenga kwa miaka miwili hakipatikani tena kwa simu mpya. Kwa wengine hiyo ni hasara ya kweli: mfanyabiashara anayekopa asubuhi kununua nyanya na kulipa jioni anahitaji kujua hilo kabla ya kuhama, si baada ya kufika sokoni. Na wapo waliodhani kuhama ni njia ya kumtoroka mkopeshaji. Pole. Deni nalo limeandikwa kwa namba na kitambulisho, sawa na pesa.

Tuseme sasa umeamua. Kwanza kabisa, angalia kama simu mpya ina mahali pa kuweka laini. Si mzaha. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zinazouzwa Marekani hazina kijitundu cha laini, ni eSIM tu, na siku hizi hata baadhi ya iPhone mpya kutoka nchi za Ghuba ziko hivyo. Dada yako akikuletea moja kutoka Dallas, kadi yako haina pa kuingia. Utahitaji kwenda kwa duka la mtandao wako na kitambulisho ukabadilishiwe laini iwe eSIM, na mabadiliko hayo yakikamilika kadi ya zamani inakufa. Yafanye siku ambayo huna malipo ya lazima, si asubuhi ya kulipa karo. Muulize mhudumu pia kama menyu ya pesa uliyozoea itaonekana kwa eSIM au utatumia programu na kodi za nyota pekee.

Laini ya kawaida ikiingia vizuri, kuna jambo huwatoa watu jasho: menyu ya pesa imepotea. Kwa Android ilikuwa ikoni pale pale pamoja na programu nyingine. Kwa iPhone imefichwa: ingia Settings, kisha Mobile Data au Cellular, shuka chini mpaka SIM Applications. Tumeona watu wazima wakirudisha simu dukani kwa sababu ya jambo hili. Kodi zinazoanza na nyota na kumalizika na reli zinafanya kazi sawa kwa simu zote.

Rekodi ndizo zinazotuuma zaidi. Fikiria mhazini wa chama cha watu ishirini. Kila Jumapili michango inaingia kwa namba yake, na uthibitisho wake ni meseji. Anahama simu, laini inaingia, salio lipo, meseji hazipo. Miezi kumi ya nani alilipa na nani hakulipa imebaki kwa simu aliyoiuza kwa kijana asiyemjua. Pesa hazikuibiwa, lakini Jumapili inayofuata ataulizwa maswali, na kwa chama shaka ndogo inatosha kuvunja urafiki wa miaka. Apple wana programu inayoitwa Move to iOS inayobeba meseji, namba na picha kutoka Android, hata mazungumzo ya WhatsApp, lakini inafanya kazi vizuri wakati iPhone ni mpya au imefutwa, pale mwanzo kabisa unapoiandaa. Ukishamaliza kuiandaa ndipo ukumbuke, itabidi uifute uanze upya. Kurudi Android pia kunawezekana kwa kuunganisha simu mbili kwa waya wakati wa kuiandaa. Zaidi ya hayo, omba taarifa ya akaunti ya miezi unayohitaji, itumwe kwa barua pepe, na uifungue uone imefika, kabla ya kugusa chochote.

Wanaorudi Android wasisahau kuzima iMessage kabla ya kutoa laini. Usipozima, wenzako wenye iPhone wanaweza kukutumia ujumbe ukaenda Apple badala ya kuja kwako. Meseji zetu na za benki zitafika kama kawaida, lakini ile ya shemeji inayosema nitumie kwa namba hii nyingine itapotea. Kinyume chake, ukiingia iPhone mara ya kwanza na airtime ikapungua bila kupiga simu, huenda ni iMessage inajisajili kwa kutuma meseji ya nje ya nchi. Si mwizi. (Huko Marekani ndoa zinatikisika kwa sababu ya meseji za kijani na za buluu. Hapa tuko WhatsApp sote, tumeokoka.)

Tukubali na letu. Programu yetu haijakuwa sawa pande zote. Kuna vitu vilivyofika Android mapema na watu wa iPhone wakangoja, na mara nyingine ikawa kinyume. Ukikosa kitufe ulichozoea, usitafute programu nyingine yenye jina linalofanana na letu. Tupigie au utumie kodi. Matapeli wanajua kwamba mtu aliyehama jana anatafuta kitu, na hapo ndipo wanapomngojea.

Simu mpya ya bei huvutia mkono wa dirishani kwenye matatu. Weka PIN ya laini, ambayo si PIN ya pesa wala ya kufungua simu. Kwa iPhone iko pale pale Cellular, na kwa Android iko upande wa usalama. Bila hiyo, mwizi hahitaji kufungua simu yako: anatoa laini, anaiweka kwa yake, na namba za uthibitisho zinaanza kumiminika kwake. Tumia ile uliyopewa na laini ulipoinunua, kisha ubadilishe. Ukikosea mara tatu itakuomba PUK, kwa hivyo usibahatishe. iPhone zenye iOS 17.3 kwenda juu zina Stolen Device Protection, na Android tangu 2024 ina kifunga simu inayojaribu kutambua ikinyakuliwa. Hakikisha zimewashwa.

Ukinunua iPhone ya mitumba, usilipe kabla muuzaji hajajiondoa kwa akaunti yake ya Apple mbele yako. Akisema atafanya baadaye, rudisha pesa mfukoni, kwa sababu simu ikifutwa ikiwa bado ina akaunti yake itadai nywila yake na utabaki na kioo cha kujitazamia. Android pia ina kufuli kama hiyo ya akaunti ya Google. Na ikiwa simu ilichukuliwa kwa malipo ya kila siku na deni halijaisha, itafungwa ikiwa mkononi mwako, si mwa aliyekuuzia.

Yako ya zamani usiiuze wiki hiyo hiyo. Ikae kwa droo siku kumi au kumi na nne, mpaka ujue kila kitu kimefika. Kisha ondoka kwa akaunti ya programu zote za pesa, futa ile noti uliyoandika PIN (tunajua ipo), jiondoe kwa akaunti ya Google au Apple, na uifute simu yote kutoka Settings. Kabla ya kumpa mnunuzi, chungulia tena kijitundu cha laini. Laini ya pili, ile ya biashara, ndiyo watu husahau humo ndani.