KABLA YA KUNUNUA BUNDUKI

Ndugu zetu wanachama, zimetufikia khabari kwamba vijana wetu walioko Dar es Salaam, khasa wenye maduka Tandika, Mbagala na Manzese, wameingiwa na hamu ya kumiliki silaha. Baadhi kwa mchezo wa shabaha, na wengi kwa khofu ya wezi. Tumeona ni wajibu wetu kusema nao kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mchezo wenyewe hatuupingi. Waliosoma fiqhi wanajua kuwa mna mlango mzima wa mashindano ya farasi na mishale. Lakini mwenye kutaka shabaha na aanze kwa mwalimu na uwanja ulioruhusiwa na serikali, siyo kwa muuza silaha. Ashike kwanza bunduki ndogo ya risasi za .22, isiyompiga bega wala kumtia khofu. Azibe masikio, kwani mlio wa bunduki huweza kuyadhuru kwa maisha. Na yako mambo ya kujifunza yasiyotaka risasi hata moja: kuihisabu kila bunduki kuwa imejaa, hata kama ameitoa risasi mwenyewe sasa hivi, kutoielekeza kwa mtu hata kwa mzaha, kuweka kidole mbali na kifyatulio mpaka aazimie kupiga, na kujua kilichoko nyuma ya shabaha yake.

Hili la mwisho ndilo linalotutia wasiwasi. Risasi hiyo ndogo huweza kwenda zaidi ya maili moja. Manzese nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, kila chumba na wapangaji wake, watoto wamelala chini. Risasi iliyomkosa mwizi haizuiliwi na bati wala mlango wa mbao. Na anayepiga hewani kwa furaha ya harusi adhani imekwenda wapi?

Kijana husema, nataka bastola ya kulinda duka. Nasi twamwuliza, itakaa wapi? Ikiwa jawabu ni mtoto wa meza, pamoja na chenji na daftari la madeni, basi wa kwanza kuifikia atakuwa mwanawe au mwizi mwenyewe. Julai 2015 majambazi walikivamia kituo cha polisi cha Sitakishari, Ukonga, wakaua watu, wakaondoka na bunduki. Agosti 2016 huko Mbande, Temeke, askari polisi wanne waliuawa kwenye tawi la benki. Hao walikuwa watu waliofunzwa. Sisi tunaopima unga na sukari tuna mafunzo gani?

Sheria iliyopo ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya mtaa, yakapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, ndipo yafike polisi. Watalalamika kuwa njia ni ndefu. Na iwe ndefu! Mwaka 2016 wenye silaha Dar es Salaam walitakiwa kuzipeleka zihakikiwe, na asiye na karatasi alikuwa na la kujibu. Silaha ya marehemu baba nayo hairithiwi kimyakimya. Hupelekwa polisi kwanza.

Aliyekwisha kupata kibali na aweke silaha mbali na risasi, kila moja ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo kwake peke yake, si kwa mdogo wake wala kijana wa duka. Na akija visiwani kwa sikukuu, asithubutu kuipakia botini ndani ya mkoba.