Mwezi Mdogo na Majina Matatu



Muhula uliopita sisi viongozi wa wanafunzi tuliandika majina matatu, tukayapeleka kwa mkubwa wa nidhamu. Kosa lao: kucheza katika chumba cha kompyuta wakati jenereta inawaka kwa ajili ya masomo. Walikata majani siku mbili. Leo tunarudi juu ya jambo lile, kwa maana tuliona nusu tu.

Walicheza nini? Mchezo unaitwa Kerbal Space Program, ulitoka Mexico mwaka 2011. Unajenga roketi, unairusha, unatafuta kufika kwenye miezi na sayari za kubuniwa. Wale watatu walitaka kutua juu ya Gilly, mwezi mdogo wa sayari Eve. Ni mdogo kweli: toka upande mmoja mpaka mwingine ni kilometa 26 tu, karibu kama kukata ziwa toka hapa Uvira mpaka Bujumbura. Lakini umejaa mabonde na vilima, na vingine vinapita mita 6000, kushinda Mitumba yetu.

Tulifikiri: kitu kidogo, kazi rahisi. Hapana! Mvuto wake ni kama sehemu moja ya 200 ya mvuto wa dunia. Mtu anayeruka nusu mita hapa, kule angepanda karibu mita 100, na miguu ingegusa chini tena baada ya dakika mbili. Hewa hakuna, basi parashuti haisaidii kitu. Ukija mbio, chombo kinadunda na kwenda zake. Ukitua kwenye mteremko, kinapinduka polepole. Wavuvi wa Kalundu wanajua: mtumbwi ukikaribia ukingo, unaacha kupiga kafi mapema.

Haya tuliyasoma wapi? Katika daftari la mmoja wao, lile tulilomnyang'anya. Kurasa nne za hesabu: mwendo, uzito, mafuta. Sisi wa mwaka wa mwisho tulishindwa kufuata ukurasa wa tatu. Haya ilitushika.

Tunajua wengine watasema: mafuta ya jenereta ni ghali, wazazi wanateseka kulipa, na Mtihani wa Serikali hauulizi juu ya Gilly. Ni kweli. Lakini Mtihani unauliza fizika, na fizika yetu iko kwenye ubao tu. Nani kati yetu amekwisha kuona kanuni ya Newton ikifanya kazi mbele ya macho yake?

Tena roketi si habari ya mbali. Tarehe 17 Mei 1977 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi yake ya kwanza kule Shaba ya kaskazini, karibu na mto Luvua. Mwezi wa Juni 1978 ya tatu ilianguka mbele ya Rais Mobutu mwenyewe, na mwaka 1979 kazi ikafungwa. Udongo ulikuwa wetu, hesabu zilikuwa za wageni. Baadaye Mkongomani, mhandisi Jean-Patrice Keka, alirusha roketi zake za Troposphère toka Menkao, karibu na Kinshasa.

Basi tunaomba hivi. Saa moja kila Jumamosi, wakati jenereta inawaka kwa kazi nyingine. Asiingie mtu bila hesabu zake zilizoandikwa. Wasichana wapate nafasi sawa na wavulana. Mwalimu wa fizika aangalie. Anayecheza ovyo atoke, na jina lake tutaliandika bila huruma.

Wale watatu, tumewarudishia daftari. Tunawaomba msamaha hapa, mbele ya wote, kama vile majina yenu yalivyosomwa mbele ya wote. Kitu kimoja tu tunataka: mtufundishe ukurasa wa tatu.