Mvua haina timu? Mimi nakataa

Wadau, kila ikifika mwezi wa tano huku kwetu, kutoka Tiwi mpaka Msambweni, kuna maneno utayasikia tu uwanjani: "Mvua ni ya wote bwana, haina timu." Kocha atasema. Jamaa wa maspika atasema. Hata mzee wa kahawa na dele lake, ambaye hajawahi kuuliza nani anacheza na nani, naye atasema.

Mimi nakataa. Nimeiona fainali ikiamuliwa na mvua, na siku ile mvua ilivaa jezi kabisa. Haikuwa jezi yetu.

Wacha niwape picha. Timu yetu ya mtaa ni ya watoto wa ufuoni. Hawa madogo hawakufundishwa mpira na mtu. Wameujulia pale maji yakipwa, mchanga umelowa na kushikana, gozi linakimbia kama liko juu ya saruji, na ukipiga pasi mbovu linaenda baharini na wewe ndiye wa kulifuata. Kwa hiyo wanapiga pasi fupi, za chini, mguuni kwa mwenzako. Mpaka nusu fainali hakuna timu iliyotufunga zaidi ya bao moja. Namba kumi wetu, dogo wa miaka 17, alikuwa anawageuza mabeki mpaka kina mama wa viazi karai wanasahau mafuta motoni.

Fainali ikaangukia Jumapili. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na haikuwa yale manyunyu ya kusi yanayokuja na kupita. Ilipiga mpaka saa nane mchana. Tulipofika uwanjani, mbele ya goli la upande wa barabara kulikuwa na dimbwi ambalo bata angelilipia kodi. Kocha wetu akaenda kuomba mechi isogezwe hata siku tatu tu. Akajibiwa kwamba mgeni wa heshima yuko njiani, tenti zimekodishwa, na mbuzi wa zawadi ameshafungwa pale kwenye mnazi. Chezeni.

Wapinzani walikuwa majamaa wa kutoka juu huko, wenye miili, na mpira wao ni mmoja: kipa anapiga mbele, strika anaruka, wengine wanakimbilia mabaki. Kwenye jua tungewamaliza mapema. Kwenye maji, ule ndio mpira pekee uliowezekana. Dakika ya hamsini na kitu beki wetu akarudisha pasi kwa kipa, pasi ile ile aliyoipiga mara elfu maishani mwake. Ikaingia dimbwini, ikasimama. Strika wao akafika wa kwanza. Moja bila mpaka mwisho.

Usiku ule kuna waliosema wapinzani walipeleka kuku mweusi kwa mganga ili mvua isikatike. Sisi wa Kwale tukishindwa hatukosi maelezo. Lakini jamani, kuku hakuchimba lile dimbwi. Lile dimbwi liko pale kila mwaka, na sababu yake ni rahisi tu. Mbele ya goli ndipo panapokanyagwa zaidi msimu mzima: kipa anapiga hatua pale pale, kona zinapigwa pale pale, mazoezi ya mashuti ni pale pale. Nyasi zinakufa, udongo unashindiliwa, panabonyea. Mvua ikija, maji yanakwenda palipo chini. Yaani sehemu mbovu kuliko zote uwanjani ndiyo hiyo hiyo inayoamua nani anachukua mbuzi.

Na hapa ndipo watu wanachanganya mambo. Uwanja uliolowa na uwanja uliojaa maji ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina timu yake. Nyasi zikilowa kidogo mpira unateleza, unapata kasi. Ndiyo maana klabu kubwa za Ulaya huwa zinamwagilia uwanja maji makusudi kabla ya mechi, wakati mwingine mpaka mapumzikoni: wanataka pasi zikimbie. Kwa hiyo manyunyu peke yake yangetufaa sisi. Maji yakituama ndipo mambo yanapogeuka. Pasi ya chini haifiki. Mtu wa chenga anaisha, kwa sababu chenga ni kusimama ghafla na kugeuka, na tope halikuruhusu lolote kati ya hayo mawili. Beki mzito anayebutua mbele bila kufikiri anaanza kuonekana Maldini. Kipa anashika mpira kama anashika sabuni, kwa hiyo timu inayojua kukimbilia mabaki inakula. Na ile stamina ya pasi fupi, ya kukimbia huku na huku kutafuta nafasi, inakwisha mapema mno ukiwa umebeba kilo za tope kwenye njumu.

Sasa ukiniambia mvua haina timu, mimi nitakupeleka Bern, Uswisi, tarehe 4 Julai 1954. Fainali ya Kombe la Dunia, Hungary na Ujerumani Magharibi. Hungary hii ilikuwa haijafungwa tangu 1950, na kwenye makundi ya kombe hilo hilo iliwapiga hao hao Wajerumani 8-3. Siku ya fainali ikanyesha. Dakika ya nane Hungary tayari wanaongoza 2-0, kwa hiyo usiseme mvua iliwamaliza papo hapo. Kufika dakika ya 18 ni 2-2. Kisha uwanja ukazidi kulowa, na dakika ya 84 Helmut Rahn akafunga la tatu. Kombe likaenda Ujerumani.

Mnajua nini kilikuwa kwenye begi la Wajerumani? Adi Dassler, yule mwenye Adidas, alisafiri na timu akiwa na njumu zenye meno ya kufungua na kufunga. Mvua ilipokuja wakaweka meno marefu. Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani atalielewa haraka kuliko Mzungu yeyote: nahodha wao, Fritz Walter, aliugua malaria wakati wa vita, na tangu hapo jua kali lilikuwa linammaliza. Alipenda kucheza kwenye mvua. Mpaka leo Wajerumani wakiona mvua inanyesha siku ya mechi wanaiita hali ya hewa ya Fritz Walter. Sisi tuna malaria ya kutosha huku na hatujawahi kuipatia faida hata moja, lakini tuyaache hayo.

Ni kweli, Puskás wa Hungary alicheza na kifundo cha mguu kibovu, na kwenye ile 8-3 Wajerumani walikuwa wamepumzisha watu wao kadhaa. Sisemi mvua ilifunga mabao matatu. Ninachosema ni kwamba iliponyesha, upande mmoja ulikuwa na kitu mkononi kwa ajili yake.

Miaka 20 baadaye, 1974 kule Frankfurt, Ujerumani Magharibi hao hao wakakutana na Poland mechi ya kuamua nani aende fainali. Mvua ikashuka, zimamoto wakaletwa kuvuta maji uwanjani, mechi ikachelewa, na bado wakacheza kwenye madimbwi. Poland nguvu yao ilikuwa mbio za pembeni, Lato upande mmoja, Gadocha upande mwingine. Tena Wajerumani sare tu iliwatosha. Nani alihitaji uwanja mkavu hapo? Müller akafunga moja, Poland wakaenda kucheza mechi ya mshindi wa tatu.

Najua kuna mtu anasema hayo ya wazee, tena ya Ulaya. Haya, turudi hapa jirani, mwaka 2025. Mashabiki wa Simba mko wengi sana huku kwetu, kuanzia Lunga Lunga mpaka Ukunda, na najua hili bado linauma. Simba wanafika fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mechi ya kwanza, Mei 17, wanalala 2-0 ugenini, mabao yote mawili ndani ya robo saa ya kwanza. Marudiano yanatakiwa yawe Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, uwanja wa watu 60,000, pale ambapo timu nyingi za Kiarabu zinafika zikiwa tayari zinatetemeka. Nusu ya safari hiyo Simba waliijenga pale: robo fainali walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Al Masry, wakarudisha zote mbili Mkapa na kupita kwa penalti.

Lakini ilikuwa masika. Mvua kubwa Dar, sehemu ya kuchezea ya Mkapa ikaharibika, CAF wakasema hapafai. Fainali ikahamishiwa New Amaan, Zanzibar. Amaan ni uwanja mzuri, sina neno nao, ila unabeba watu kama 15,000. Mei 25 Simba wakaanza vizuri, Mutale akafunga mapema, watu wakaamini. Kipindi cha pili Kagoma akala kadi nyekundu, bao la pili likakataliwa na VAR, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Morocco.

Siku ile mvua haikumzuia mchezaji yeyote kupiga pasi. Ilichukua kelele za watu 45,000 kabla mechi haijaanza. Je, Simba wangeshinda Mkapa? Na kadi nyekundu ile, sijui, labda hapana. Lakini msiniambie mvua ilizigusa timu zote sawa. Berkane walikuwa wameshacheza mechi yao ya nyumbani, nyumbani kwao, kwenye nyasi zao.

Kwa hiyo nikirudi huku kwetu, hasira yangu haiko kwa mawingu. Mvua ya mwaka si siri. Inaanza kuelekea mwisho wa Machi, mwezi wa tano ndio inapiga zaidi, kila bibi wa Kwale mwenye shamba la mahindi anajua. Mashindano yetu yanaanza likizo ya Aprili kwa sababu vijana wako nyumbani, yanavutwa wiki hadi wiki, na fainali inatua katikati ya mafuriko kila mwaka kama ilivyopangiwa. Kuna likizo ya Agosti pia. CHAN ya juzi, Kenya, Uganda na Tanzania walipoandaa pamoja, ilichezwa Agosti na hatukufa.

Kama lazima iwe Mei, basi pelekeni lori moja la kifusi na mchanga mjaze lile shimo mbele ya goli mwezi wa pili, udongo upate muda wa kukaa. Chimbeni mtaro upande ule maji yanakoelekea. Pesa ya tenti za siku moja inatosha kuanza. Na marefa wetu, kaka zangu, sheria inawapa mamlaka ya kusimamisha mechi au kuivunja kabisa. Dondosha mpira katikati ya dimbwi. Usipodunda, usukume. Usipokwenda, rudisha filimbi mfukoni, hata kama mgeni wa heshima ameshashuka kwenye gari. Yeye atarudi wiki ijayo. Mwaka wa uchaguzi atarudi hata kesho.

Na sisi wachezaji tujilaumu pia. Tulijua mvua inakuja na hatukufanya mazoezi hata siku moja ya mpira wa juu. Nusu ya timu ilivaa njumu za meno mafupi ya mitumba, zilizochakaa, wakateleza kama wako kwenye maganda ya ndizi. Kocha aliposema tupige mbele tukamwona hajui mpira.

Kinachoniuma zaidi hata si kombe. Siku ile kulikuwa na mtu amekuja kutoka timu moja ya ligi, na alikuja kumwona namba kumi wetu. Alisikia habari zake akapanga kuja fainali, kwa sababu fainali ndiyo watu hupanga kuja. Akamwona dogo akianguka, akipoteza mpira kwenye tope, akipiga pasi zinazoishia njiani. Kabla ya dakika ya themanini alikuwa ameondoka, suruali kaikunja mpaka magotini, hakuuliza hata jina.

Dogo siku hizi anaendesha boda pale Ukunda. Juzi alinibeba kunipeleka Diani, tukapita karibu na uwanja ule, nikamuuliza kama mwaka huu atacheza. Akaniuliza fainali ni lini. Nikamwambia nimesikia ni mwisho wa mwezi wa tano.

Hakujibu. Aliponishusha akatazama saa kwenye simu, akasema maji yanapwa saa kumi, kama niko huru nishuke ufuoni, wanakosa mtu mmoja.